Ni Nani Anapiga Kopo?

Ninyi akina mama vijana wa hapa Kapata mnaniletea watoto barazani kwangu, mnaniambia, "Mama Monga, huyu hasikii. Ukimwita hageuki. Ukimwonyesha kitu anaangalia pengine." Halafu mnaondoka mkiwa na simu mkononi, na mtoto anawaangalia mgongo. Sitawagombeza. Nimeshika watoto wadogo tangu nikiwa msichana, sasa magoti yamegoma, na jambo moja ninalolijua ni hili: mtoto anasikia. Sisi ndio tunazungumza kabla hajamaliza kusikia.

Kwa hiyo nitawaeleza michezo michache ya kumfundisha mtoto mdogo kukumbuka na kutuliza macho yake. Nitawaeleza pia ile siku mchezo mmoja, wa kopo na kijiko, ulipopimwa mahali ambapo tungeshindwa tungempoteza mtoto wa watu. Sikusoma sana. Niliacha shule kabla ya kumaliza. Ninaandika nilichokiona.

Aliyenifundisha kazi ni Mama Kapinga. Enzi hizo kampuni ya mgodi ilikuwa na nyumba ya kulelea watoto hapa Kapata, nyuma ya safu za nyumba za wafanyakazi, tukiiita garderi. Kulikuwa na vitanda vidogo, maziwa ya asubuhi, na kabati la vitu vya kuchezea vya mbao vilivyopakwa rangi. Siku yangu ya kwanza nilitaka nionekane hodari. Nikalifungua kabati, nikamwaga kila kitu juu ya mkeka: magari, vikombe, wanasesere, pete za rangi. Nikapiga makofi, nikasema, "Karibuni, tucheze." Kila mtoto akachukua alichotaka akaenda nacho kona yake, na mimi nikabaki peke yangu katikati ya mkeka.

Mama Kapinga alikuwa mlangoni, mikono kiunoni. Mwanamke mnene, mfupi, sauti ya chini.

"Mama Monga," akasema, "umefungula soko?"

"Apana, mama. Tunacheza."

"Nani anacheza? Mi naona banunuzi tu. Na hakuna hata mumoja alilipa."

Akarudisha vyote kabatini. Akabakiza kopo moja la bati na mpira mmoja wa matambara. Akakaa chini, akamwonyesha mtoto mmoja ule mpira, akauficha chini ya kopo huku mtoto akiona, halafu akanyamaza. Alinyamaza sana, mpaka mimi nikaona aibu kwa niaba yake. Nikataka kumsaidia mtoto, nikanyoosha kidole. Mama Kapinga akakishika kidole changu akakirudisha mapajani mwangu kama mtu anayerudisha kijiko cha jirani. Mtoto akaangalia kopo. Akamwangalia Mama Kapinga. Akaangalia tena kopo. Akaliinua.

Huo ndio mchezo wa kwanza, na unaweza kuuanza mtoto akishajua kukaa mwenyewe. Mwanzo ufiche kitu nusu tu, sehemu yake ibaki nje. Akizoea, kifiche chote. Akizoea hilo, weka makopo mawili, ufiche chini ya moja, naye aone. Baadaye ndipo unaweza kuyasogeza makopo polepole, moja lipite mbele ya jingine. Wengi mnakosea hapa: mnayazungusha upesi kama wacheza kamari wa sokoni, mtoto akishindwa mnacheka. Hatujamweka pale kumdanganya. Tunataka macho yake yafuate kitu kimoja mpaka mwisho.

Na mngoje. Mama Kapinga alisema, "Ukitaka kujua kama umengoja ya kutosha, angalia kama umechoka. Kama haujachoka, bado."

Palikuwa na mtoto mmoja, Kalenga, ambaye hakuwahi kuinua kopo. Nilimwambia Mama Kapinga kwamba huyu akili yake ni nzito. Akaniambia nimwangalie macho, niache mikono. Kweli, macho ya Kalenga yalikuwa yamekaa juu ya kopo lenye mpira, hayatoki. Alikuwa anangoja wenzake waondoke. Wakishaondoka kwenda kunywa maziwa, alirudi, akainua kopo lile lile bila kukosea, akacheka peke yake. Kuna watoto wanaojibu kwa macho. Ukingoja mkono tu, utawaita wajinga bure.

Kisha kampuni ikaanguka. Haikuanguka siku moja kama ukuta. Ilianza kwa maziwa kuchelewa, halafu maziwa yakaja siku moja moja, halafu yakakoma. Mishahara nayo hivyo hivyo. Ule mgodi mkubwa wa chini ya ardhi ukabomoka, na wanaume wakarudi nyumbani mchana, wakakaa mbele ya nyumba zao wakiangalia barabara. Asubuhi moja tukakuta kabati la garderi limeondoka na kila kilichokuwamo. Hatujui lilikwenda wapi, ingawa kuna nyumba iliyopika siku zile kwa kuni zenye rangi nyekundu na bluu.

Mimi nilisema, basi, kazi imekwisha. Mama Kapinga akasema, "Kabati lilikuwa linafundisha?" Akatutuma kila mmoja alete alichonacho nyumbani. Tukaleta magunzi ya mahindi, vijiko, viatu vilivyobaki bila mwenzake, makopo ya bati. Nami nikaleta vizibo vya chupa, vingi, nikavipanga vizuri kwa rangi, nikajisifu. Havikumaliza hata asubuhi. Mtoto mmoja alitia kizibo mdomoni, kikamkwama. Mama Kapinga alimlaza kifudifudi juu ya paja lake, kichwa chini, akampiga kati ya mabega kwa kiganja mpaka kizibo kikatoka. Alipomaliza hakunigombeza. Aliokota vizibo vyote mwenyewe, akatoka kwenda kuvitupa chooni. Tangu siku hiyo sheria yangu ni moja: kinachoingia chote mdomoni mwa mtoto hakiingii mkekani. Na mawe ya kijani ya shaba, yale mazuri yanayong'aa, tulikuwa tunawapa wayapange. Leo nisingewapa. Tumejifunza kwamba vumbi lake si la mtoto.

Vitu hivyo vya nyumbani vilizaa mchezo wa pili. Unaweka vitu vitatu ambavyo mtoto anavijua: kijiko, gunzi, kiatu. Mnavitaja pamoja, mnavigusa. Unavifunika kwa kikwembe, kile kitenge unachojifunga kiunoni. Unatia mkono chini, unatoa kimoja unakificha mgongoni, kisha unafunua. "Nini kimetoroka?" Mtoto wa miaka miwili na kitu ataanza kuangalia chini ya mkeka, chini ya miguu yako, atacheka. Siku moja atasema, "Kiatu." Siku hiyo utasahau njaa. Mimi nilisahau.

Na kuna mchezo wa kutumwa. "Peleka kijiko kwa kaku," yaani kwa bibi. Akiweza: "Peleka kijiko kwa kaku, halafu niletee gunzi." Akirudi na kitu kingine, kipokee, ushukuru, umtume tena. Acheni kila mchezo mtoto akiwa bado anautaka. Mkiusukuma mpaka alie, kesho atakumbuka kulia.

Sasa nije kwenye kopo.

Kila jioni mama wote walikuja kuchukua watoto kwa wakati mmoja, na kila mmoja aliita jina la wake kwa nguvu kupita mwenzake. Watoto walichanganyikiwa, wengine walilia, wengine walijificha. Mama Kapinga akapata dawa. Akawaambia akina mama wasimame nje ya ua wa matete, wasionekane, na wasiite mtu. Kila mama awe na mapigo yake juu ya kopo, kwa kijiko, yasiyofanana na ya mwingine. Mmoja akipiga, ndani mimi nauliza, "Ni nani anapiga kopo?" Watoto wananyamaza, wanasikiliza. Mwenye mama anasimama, anasema, "Mi hapa," anatoka. Wengine wote wanabaki wamekaa. Kubaki umekaa wakati kopo si lako ndiyo ilikuwa kazi ngumu, na ndiyo tuliyoisifu zaidi.

Mama Kapinga mwenyewe alikuwa na mjukuu pale ndani, Ntumba, mtoto wa binti yake Mbombo. Mbombo alikuwa anauza samaki wakavu sokoni, kwa hiyo bibi ndiye aliyemrudisha mtoto nyumbani. Lakini hakumshika mkono wakaondoka tu. Alivua aproni, akazunguka, akaenda kupanga foleni nje ya ua pamoja na wengine, ili mjukuu asipate upendeleo. Mapigo yake yalikuwa mawili ya polepole, kimya kidogo, kisha ya haraka kama mtu anayekung'uta sufuria. Ko. Ko. Kokoko.

Tulikuwa na mama mmoja mcheshi kupita wote, Mama Feli, aliyejua kuiga kila kitu: sauti ya mchungaji, mwendo wa kapita, yule msimamizi wa mgodini, kikohozi cha mume wangu. Jioni moja akapiga mapigo ya Mama Kapinga kabla mwenyewe hajafika. Ntumba akasimama, "Mi hapa," akatoka. Akamkuta Mama Feli. Akamwangalia kuanzia miguuni hadi kichwani, akarudi ndani, akakaa, akafunga mikono.

"Ntumba," Mama Feli akamwita kwa nje, "si mi kaku yako?"

"Apana," mtoto akajibu. "Weye unapiga mubaya."

Mama Feli alicheka mpaka akakaa chini. Akasimulia habari hiyo Kapata nzima.

Nawaambia hayo ili mjue tulivyokuwa tunaishi, kwa sababu haikupita muda mrefu maneno ya kufukuzana yakafika. Wenye asili ya Kasai, mkoa wa mbali, warudi kwao, ndivyo ilivyosemwa, kwanza katika mikutano, kisha kwenye bomba la maji, kisha milangoni. Kulikuwa na jina walilowaita ambalo sitaliandika. Baba yake Mama Kapinga aliletwa kufanya kazi ya mgodi akiwa kijana, na yeye alizaliwa hapa hapa.

"Bananiambia niende kwetu," aliniambia tukikunja mikeka. "Kwetu ni wapi, Mama Monga? Kasai mi sijayionaka hata ku picha."

Asubuhi moja Mama Feli alimleta mtoto wake, akasimama mlangoni bila mzaha wowote usoni. "Mama Kapinga," akasema, "leo mutoto atakaa na Mama Monga." Mama Kapinga akamwachia mkono yule mtoto, akamwelekeza kwangu. Wiki hiyo hiyo vijana walikuja kwenye nyumba yake, wakampa muda wa kufunga mizigo.

Waliofukuzwa walikwenda kulala kwenye stesheni ya treni mjini, maana barabara haikuwa salama. Walingoja treni ya kuwapeleka Kasai, na treni haikuja. Watu walijenga vibanda vya maturubai na vikwembe kati ya reli, wakapika pale, wakaugua pale. Mimi nilikwenda na sufuria ya bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, kila nilipoweza. Njiani vijana waliniuliza ninampelekea nani. Nilijibu, "Mama yangu." Wakaniacha nipite.

Siku ile treni ilipofika, nilikuwepo. Ilikuwa asubuhi, nimeshika sufuria yangu na kijiko chake, na kopo la maji. Mabehewa yalikuwa ya mizigo, ya wazi. Watu wote wakasimama mara moja. Mmewahi kusikia maji yakibomoa tuta? Ndivyo ilivyokuwa. Mbombo akapanda kupokea mizigo, Mama Kapinga akabaki chini akimpandishia: godoro, cherehani, furushi. Ntumba alikuwa ameshika nguo ya bibi yake. Mama Kapinga alipoinua furushi la mwisho akageuka, mtoto hakuwepo.

"Mutoto eko wapi?" Mbombo akauliza kutoka juu.

Mama Kapinga akaangalia nguo yake, mahali mkono wa mtoto ulipokuwa.

Tukaanza kuita. Mbombo aliita mpaka sauti ikapasuka. Lakini akina Ntumba walikuwa wengi pale, na kila upande palikuwa na mama anayeita wake. Na ninyi mkumbuke hili siku zote: mtoto mdogo mwenye hofu, ukimwita kwa sauti ya hofu, haji. Anajikunja, anangoja kelele ipite. Ntumba alikuwa anatimiza miaka mitatu. Mfanyakazi wa reli alikuwa ameshapita akisema treni haitasimama sana. Mbombo alitaka kushuka, watu waliokuwa wanapanda wakamzuia bila kutaka, kwa miili yao tu. Mama Kapinga angebaki kumtafuta mjukuu, binti angekwenda peke yake. Au wangeshuka wote, na hakuna aliyejua kama treni nyingine ingekuja.

Mama Kapinga akanishika mkono. "Nyamaza," akasema. "Muambie na Mbombo anyamaze. Kopo."

Nikamwaga maji, nikaanza kupiga mimi mwenyewe. Mikono ilitetemeka, mapigo yakatoka ovyo.

"Lete," akasema. "Unapiga sawa mutu anafukuza kuku."

Hata wakati ule alisema hivyo. Akachukua kopo langu na kijiko cha bukari. Mzee mmoja aliyekaa juu ya magodoro akauliza tunafanya nini. Nikamwambia, mtoto amepotea, anajua mlio huu, tusaidieni kunyamaza. Mzee akasimama juu ya magodoro yake, akainua mikono yote miwili. Hakupiga kelele. Alisema, "Mutoto amepotea. Munyamaze kidogo," na walio karibu wakawaambia walio karibu nao. Sitawadanganya kwamba stesheni yote ilinyamaza. Ni sehemu yetu tu, kama urefu wa mabehewa mawili. Lakini katika sehemu hiyo nilisikia mtu akikohoa.

Ko. Ko. Kokoko.

Hakuna kitu. Mama Kapinga akangoja. Nilitaka kumwambia apige tena, nikakumbuka kidole changu na mapaja yangu. Nikanyamaza. Alingoja mpaka mimi nikachoka, kisha akapiga tena, polepole vile vile, kama jioni yoyote nyuma ya ua wa matete.

Ko. Ko. Kokoko.

Turubai moja karibu na nguzo ya taa likatikisika. Ntumba akatoka chini yake akiwa na majani ya chai yamemganda mashavuni, maana alikuwa amejificha kati ya magunia ya mwuza chai. Hakuwa analia. Alisimama wima kama tulivyomfundisha, akatafuta kopo kwa macho, akaliona.

"Mi hapa," akasema.

Watu walipiga makofi. Watu waliofukuzwa katika nyumba zao, walioacha makaburi ya wazazi wao nyuma ya mji huu, walipiga makofi kwa sababu ya mtoto aliyejua kusikiliza. Yule mzee alimpokea, akampitisha kwa mwingine, na mwingine, juu ya vichwa, mpaka mikononi mwa Mbombo. Mama Kapinga akapandishwa nyuma yake. Alisukumwa na watu kadhaa, akalalamika kwamba wanamsukuma kama pipa.

Alitaka kunirudishia kopo. Nikamwambia aende nalo. Treni ilipoanza kuvuta alikuwa amekaa juu ya furushi, mjukuu mapajani, akipiga. Nilibaki pale mpaka nikasikia reli tu.

Huenda aliyemtoa mtoto si kopo bali ule ukimya. Nimefikiri sana, sijui. Ninajua kwamba bila kopo, ukimya ule tusingeuomba.

Mama Kapinga hakuiona Kasai. Alifariki njiani, baada ya stesheni ya Tenke, kwa kuhara na uchovu, akazikwa kando ya reli. Mfanyakazi wa treni aliniletea habari. Sikulia mbele za watu, kwa sababu siku zile hata machozi yaliulizwa ni ya nani. Niliacha kazi. Nilikaa ndani. Halafu asubuhi moja nilifungua mlango nikakuta watoto wamekaa barazani, wametulia, wanangoja. Hakuna aliyewaita. Garderi ilikuwa imefungwa, wao walikuwa wamefuata alipo mtu. Nikatandika mkeka. Nikatoa kopo moja na mpira wa matambara, nikanyamaza. Tangu hapo baraza hili halijawahi kukosa mtoto. Wengine mliokuwa mkikaa hapa mmeniletea wa kwenu, na Kalenga, yule mzito wangu, sasa ni fundi wa mitambo. Anasikiliza injini kwanza, ndipo anaigusa.

Mama Feli alirudi pia. Ilimchukua miaka. Siku aliyorudi alisema tu, "Kuna nafasi?" Nikamsogezea kiti. Bado anaiga watu, ingawa meno yamepungua.

Msimu wa mvua uliopita tulikuwa tumekaa naye hapa barazani, simu yangu ikalia. Namba sikuijua. Nikaitikia. Nikasikia bati.

Ko. Ko. Kokoko.

Nikamgeukia Mama Feli. Akainua mikono yake yote miwili, mitupu. "Siyo mi," akasema.

Katika simu sauti ya mwanamke ikauliza, "Mama Monga, ni nani anapiga kopo?"

Nikasema, "Ni Mama Kapinga."

Mwanamke akacheka, na kicheko kikamkatika. Ndiye Ntumba. Alinipata kwa kuuliza mtu kwa mtu, kutoka Kasai mpaka mji wa Kasaji, kutoka Kasaji mpaka hapa. Kopo langu bado analo. Limebonyea upande mmoja. Aliyekuwa analipiga ni binti yake, hajatimiza miaka mitatu, amepewa jina la Mama Kapinga.

"Anasikiaka?" nikamwuliza.

"Jaribu mwenyewe, mama."

Mama Feli alikuwa ameshaingia jikoni kuleta kopo na kijiko. Alinipa mimi, hakupiga yeye. Nikaweka simu juu ya kiti, nikapiga, polepole, bila kutetemeka, kama nilivyopaswa kupiga siku ile. Kisha nikanyamaza. Mama Feli akataka kusema kitu, nikamshika kidole nikakirudisha mapajani mwake.

Tukangoja mpaka tukachoka. Na kutoka mbali huko, kwa sauti ndogo iliyokuwa na chakula mdomoni, tukasikia:

"Mi hapa."